Dada wa kazi kutoka Burundi asiye na kibali: wazazi wa Kigoma tuliongelee hili

Mama Pacha Katubuka

Habari za jioni wana Kigoma, mlioko nyumbani na mlioko mbali. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, na wenye kuijua sheria msipite kimya.

Mimi ni muuguzi, naishi Katubuka. Nina pacha wanaonyonya, na zile siku 100 ambazo sheria inampa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja zinakaribia kwisha. Nikirudi kazini nina haki ya saa mbili za kunyonyesha kila siku, nashukuru, ila saa mbili hazinipi mtu wa kubaki na watoto siku nzima. Mume wangu yuko safarini muda mwingi. Basi natafuta dada.

Kila niliyemuuliza, sokoni Mwanga, kazini, kanisani, jibu ni moja: "Chukua Mrundi." Mama mmoja anayewatafutia watu mabinti alinihesabia sifa zake. Hana maneno. Hana ndugu wa kumpigia simu kila jioni. Haombi kwenda kwao Krismasi. Elfu thelathini kwa mwezi anapokea kwa mikono miwili. Na akianza kubadilika, "unamtajia tu Uhamiaji, anatulia."

Hilo la mwisho limenikaa rohoni. Nimetafakari nikaona kwamba huyu mama hauzi uwezo wa kulea. Hakuniambia binti anajua kumwogesha mtoto mchanga, wala kama amewahi kushika mtoto mwenye homa. Anachouza ni woga wa huyo binti. Binti anaogopa, kwa hiyo hatadai, kwa hiyo ni rahisi. Na mimi niwakabidhi wanangu wawili kwa mtu ambaye nimemchagua kwa sababu hawezi kusema hapana?

Nimeanza kuulizia. Nilichokipata hadi sasa ni kwamba raia wa Burundi anaruhusiwa kuingia na kukaa kama mgeni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi miezi sita akiwa na hati yake ya safari, lakini kukaa ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Kufanya kazi kunataka kibali cha kazi. Na kosa si lake peke yake, na mimi niliyemwajiri ninashtakiwa.

Maswali yangu: Je, kuna njia halali ya kumwajiri dada kutoka Burundi kwa kazi ya nyumbani? Wale ambao tayari wanaishi nao, mnafanyaje? Na kwa nini mji mzima tunafanya hivi halafu hatulisemi kwa sauti?

---

Fundi Boti Kibirizi

Dada yangu, pole na hongera kwa pacha. Nitakujibu kama mtu aliyezaliwa Kibirizi.

Hapa kwetu nani hakulelewa na Mrundi? Mimi nimebebwa mgongoni na mama mmoja wa Nyanza-Lac, tukamwita bibi hadi alipozikwa, na kaburi lake liko Ujiji. Kiha na Kirundi vinasikilizana, mtu akisema amazi au amata hakuna anayehitaji mkalimani. Ndugu zetu wengine wako kule, wengine huku, mpaka umetukuta. Boti zinatoka hapa kwenda Kagunga na Bujumbura, watu wanaleana, wanaoana. Leo ndiyo tuanze kuulizana karatasi jikoni?

Pili, fikiria upande wao. Kule maisha yamebana, mafuta ya gari shida, kazi hakuna. Binti anakuja huku apate chakula na kidogo cha kutuma kwa mama yake. Ukimkataa kwa sababu ya kibali, umemsaidia nini? Atakwenda kwa mwingine mbaya zaidi. Mchukue, mlipe vizuri, mpende. Mungu ndiye anayetoa vibali.

---

Mzee wa Gungu

Nimestaafu utumishi wa umma. Nimefanya kazi na makaratasi haya miaka mingi, kwa hiyo nitajibu la sheria kwanza.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Inamkataza mtu yeyote kumwajiri asiye raia bila kibali cha kazi, na inamkataza asiye raia kuifanya kazi hiyo bila kibali. Wote wawili wana kosa, mama amesema sahihi. Haikutofautisha kiwanda na sebule yako.

Anayeomba kibali ni mwajiri, anaomba kwa Kamishna wa Kazi. Lazima aonyeshe kwamba amemtafuta Mtanzania wa kuifanya kazi hiyo akamkosa, na aeleze mpango wa kumwandaa Mtanzania aje aishike nafasi hiyo baadaye. Kibali kinatolewa kwa hadi miezi 24 na kinaweza kuhuishwa, ila jumla ya miaka ina kikomo. Baada ya hapo linakuja la Uhamiaji, kibali cha ukaazi daraja B. Ada zinahesabiwa kwa dola. Sasa niambieni ni mama gani wa Katubuka atasimama mbele ya afisa kazi aseme nimezunguka Kigoma nzima, Kasulu na Uvinza, nimekosa Mtanzania anayejua kulea mtoto. Njia ipo kwenye kitabu, kwa kazi ya ndani haipitiki.

Wengine mtasema Jumuiya. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ndani yake kuna uhuru wa wafanyakazi kuvuka. Lakini kila nchi iliandika orodha ya kazi ilizozifungua, na sisi tuliandika za wenye taaluma. Kazi za ndani hazimo. Mwenye taaluma iliyomo kwenye orodha akitoka Bujumbura ana mlango wa kubisha, dada wa kazi hana.

Kijana wa Kibirizi, nakuheshimu, na bibi yako Mungu amrehemu. Ila yule alikaa, akazeeka, akazikwa kama mtu wa kwenu. Hawa wa sasa wanakaa miezi minane wanatupwa. Usifananishe.

---

Mwalimu Kasulu

Mzee ametaja wanaovuka mpaka. Huku Kasulu kuna kundi jingine ambalo watu wanalichanganya na hilo, nalo ni wakimbizi.

Kambi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu, ipo tangu 1996 ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo, na 2015 wakaongezeka Warundi. Nduta ni kambi ya Kibondo. Mtendeli ya Kakonko ilishafungwa. Mkimbizi anaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Anatakiwa kuishi ndani ya eneo alilopangiwa, na akitoka anatoka kwa kibali cha muda kutoka kwa wakuu wa kambi. Sheria inatambua kwamba mkimbizi anaweza kupewa kibali cha kazi, tena kuna daraja lake kabisa kwenye vibali vya kazi, lakini sijamwona hata mmoja aliyekipata kwa ajili ya kuosha vyombo na kulea.

Kinachotokea ni hiki. Binti anatoka kambini alfajiri kwa miguu, anapitia mashambani, anapokelewa na mtu Makere, bodaboda hadi mjini Kasulu, siku ya pili yuko nyumbani kwa mtumishi fulani anafua nepi. Jina lake kambini bado lipo kwenye orodha ya familia. Siku ya kugawa chakula au ya kuhesabiwa asipoonekana, mgawo wa mama yake na wadogo zake unaingia matatani. Wewe uliyempa elfu thelathini unaona umemsaidia, kumbe umepunguza sahani kwao.

Nimefundisha watoto ambao dada zao wako hivyo. Mama Pacha, kabla ya kuuliza bei, uliza huyu binti ametoka wapi hasa.

---

Kijana wa Bangwe

Nafuatilia. Uzi mzuri.

---

Mha wa Heru Juu

Naomba niseme jambo ambalo wengi wenu mnalipita.

Si kila mwenye lafudhi ni Mrundi. Mimi ni Mha, kabila la hapa hapa Kigoma, baba Mha, babu Mha, na nikiwa Dar naitwa Mrundi kila wiki. Kupata namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kwa sisi wa mikoa ya mpakani kuna maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi: babu yako kazaliwa wapi, kazikwa wapi, nani anamjua. Mwaka 2013 ilipopita Operesheni Kimbunga ya kuwasaka wahamiaji haramu huku Kigoma, Kagera na Geita, mjomba wangu alitembea na cheti chake cha ubatizo mfukoni mwezi mzima, hata akienda kisimani.

Halafu wako wale wa 1972. Walikimbia Burundi mwaka ule wakapokewa Ulyankulu kule Tabora, Katumba na Mishamo. Wengi wao, zaidi ya laki moja na nusu, walipewa uraia, na vyeti vyao vikagawiwa 2014. Huyo ni Mtanzania kamili. Mtoto wake aliyezaliwa baada ya hapo ni Mtanzania. Akija kuomba kazi kwako na Kirundi chake mdomoni, ana haki zote, na hutakiwi kumpunguzia hata senti.

Nasema hivi kwa sababu mazungumzo ya namna hii yakikolea, wanaoumia ni mabinti zetu wa Heru, wa Buhigwe, wa Manyovu yenyewe. Mwajiri anaona binti hana kitambulisho, anaamua moyoni kwamba huyu ni wa ng'ambo, anamlipa bei ya woga. Binti ni raia ila hana karatasi ya kuthibitisha, basi naye anaogopa vilevile. Mama Pacha, uliyoyasema kuhusu kuuza woga ni kweli, lakini woga huo unauzwa hata kwa Watanzania.

---

Mama Pacha Katubuka

Mha wa Heru, asante. Hili sikuwa nimelifikiria na limenigusa. Kumbe kumuuliza binti "una kitambulisho?" na kuishia hapo hakutoshi. Inabidi nimuulize pia kama ameshaandikishwa, na kama bado nimsaidie kwenda kwa mtendaji wa kata kwao akapate barua.

Mwalimu, la mgawo wa chakula sikulijua. Nimelisoma mara mbili.

Fundi Boti, nakusikia kaka yangu, sijakudharau. Ila umesema "mlipe vizuri, mpende". Mimi ninaweza kuahidi hivyo leo nikiwa na nguvu. Je, siku nimetoka zamu nimechoka, pacha wote wanalia, maziwa yamemwagika, na ninajua mioyoni mwetu wote wawili kwamba hana pa kwenda kunishtaki? Sijiamini kiasi hicho, na sidhani kuna mtu anayepaswa kujiamini kiasi hicho.

---

Aliyelea Ujiji

Nimesoma yote. Mimi ndiye mnayemzungumzia, au nilikuwa.

Kwetu ni Makamba. Mei 2015 tulishuka mlima tukafika Kagunga na mama yangu. Wanaoikumbuka Kagunga ya mwaka ule hawahitaji kuelezwa: watu maelfu kwenye kile kipande cha ufukwe, kipindupindu, hakuna barabara, njia ni ziwa tu. Meli ya Liemba ikatuchukua kwa zamu hadi Kigoma, tukalala uwanjani, mabasi yakatupeleka Nyarugusu.

Nilitoka kambini kwenda kulea Ujiji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtoto alikuwa wa wiki sita, nikamlea hadi akaanza kukimbia. Bosi alikuwa mtu wa kawaida, hakunipiga, nilikula walichokula. Mshahara tulikubaliana elfu arobaini. Akasema, wewe huna simu wala benki, nitakutunzia. Nikakubali, kwani ningefanya nini? Mama yangu alipougua nikaomba fedha zangu. Kwanza mwezi ujao. Kisha mwezi ujao tena. Mara ya tatu akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Unajua nikikupeleka kwa wenyewe unarudishwa leo?" Sikumjibu. Niliondoka alfajiri ile mtoto akiwa amelala, na nguo moja, bila shilingi yangu hata moja.

Fundi Boti, unasema mtu ampende. Yule mama alinipenda. Alininunulia kitenge Iddi. Na bado mshahara wa zaidi ya mwaka ulibaki kwake kwa sababu ya maneno yale mafupi. Upendo wa bosi haukunisaidia chochote siku niliyohitaji haki yangu.

Nilirudi nyumbani na wale waliojiandikisha kurudi kwa hiari. Sasa nina pasi yangu ya kusafiria, naleta biashara Kibirizi, naingia na kutoka mchana kweupe. Mtoto yule siku hizi yuko shule, nimemwona mara moja kwa mbali.

Ninachotaka mjue ni kwamba hatukuja kuomba huruma. Tulikuja kufanya kazi, na kazi tunaijua. Kama mlango wa halali haupo, msifungue wa uani halafu mkajisifu kwamba mmetusaidia. Pigeni kelele mlango uwepo.

---

Fundi Boti Kibirizi

Dada yangu wa Makamba, nimesoma nimekaa kimya muda mrefu. Pole sana. Sina la kupinga hapo.

Nabaki na swali moja tu, na nauliza kwa nia njema. Kama kila mama wa Kigoma atafuata alivyosema Mzee, wewe wakati ule ungekula nini?

---

Aliyelea Ujiji

Kaka, ningekula mgawo wa kambini kama mama alivyokula. Ungekuwa mdogo. Lakini ningekuwa na mama siku aliyougua.

---

Jirani Mwanga

Mimi naandika kwa jina la kujificha, mtanisamehe. Ninaye. Ni Mrundi, aliingia kwa mpaka wa Manyovu, ni mtu mzima, ana miaka ishirini na kitu, hana karatasi yoyote. Anawalea wanangu vizuri kuliko ninavyoweza kueleza. Nikisoma hapa nimepata hofu. Nifanyeje? Nimfukuze kesho? Nitamwambia nini?

---

Mzee wa Gungu

Mama, kwanza usimfukuze usiku wala kwa hasira. Pili, mlipe mshahara wake wote, kila mwezi unaodaiwa, mkononi mwake au kwa simu yake mwenyewe, mbele ya mtu wa tatu mnayemwamini wote, na mwandikishiane. Kiwango usikipange kwa kuangalia anachokubali. Amri ya mishahara ya 2022 ilitaja 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala. Baada ya hapo kuna amri mpya, ulizia ofisi ya kazi kiwango cha leo. Kama ulikuwa unampa chini ya hapo, mwongezee tofauti. Kwamba hana kibali si sababu ya kumla jasho.

Tatu, nendeni Uhamiaji wenyewe, kwa miguu yenu, mkaeleze. Najua inatisha. Mtu anayekuja mwenyewe na anayekutwa uvunguni hawaangaliwi kwa jicho moja. Tafuta wakili au msaada wa kisheria uende naye, usiende na maneno ya sokoni.

---

Mha wa Heru Juu

Mzee, hapa sikubaliani nawe. Unamwambia mama apeleke binti mikononi mwa serikali wakati binti mwenyewe hajaulizwa. Anayerudishwa ni yeye. Mama huenda akatozwa faini tu akarudi kwake. Kwanza amuulize binti anataka nini. Kama anataka kurudi kwao, amlipe, ampe nauli, arudi kupitia Manyovu kwa njia ya wazi. Anaweza kwenda kutafuta hati ya kusafiria kwao, akirudi kama mfanyabiashara au mgeni ni heri yake. Ila uamuzi uwe wake.

---

Mzee wa Gungu

Kuhusu kumuuliza, uko sahihi. Nilipaswa kuanza na hapo. Bado nasema wakili awepo kabla ya hatua yoyote, kwa sababu hata kumsafirisha hadi Manyovu bila karatasi, mkisimamishwa njiani, wewe uliye kwenye usukani ndiye utakayeulizwa huyu ni nani na unampeleka wapi. Jirani, usimpakie kwenye gari lako kabla hujapata ushauri.

---

Jirani Mwanga

Nimeelewa. Nimemuuliza jioni hii, tumekaa naye jikoni. Amesema anataka kwenda kwao kwa sababu mdogo wake anaolewa, alikuwa anaogopa kuniambia. Muda wote huu. Nimeumia. Nitatafuta wakili Jumatatu, na hesabu ya mshahara nimeanza kuiandika leo.

---

Afisa Ustawi Mstaafu

Nachangia jambo moja ambalo halijaguswa, umri. Wengi wa mabinti wanaoletwa ni wadogo. Wanaambiwa waseme wana kumi na nane, ukiwatazama usoni unajua.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kuanzia 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Lakini kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi kwa mtoto. Sasa wazazi pimeni wenyewe: dada anayelala na mtoto mchanga chumba kimoja, anaamka saa nane kumpa uji, anambembeleza saa kumi. Hiyo ni kazi ya usiku. Kwa hiyo binti wa miaka kumi na tano, awe Mrundi, Mha, Mnyamwezi, mwenye NIDA au asiye nayo, hafai kulala na mtoto wako kwa kazi hiyo.

Na wanaowaleta wajue kuna Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya 2008. Kumtoa binti kwao kwa ahadi ya uongo, ukamvusha, ukamkabidhi kwa mtu akafanye kazi kwa kutishwa, hilo lina jina lake mahakamani, na haliitwi kutafutia watu wasichana. Yule mama uliyekutana naye, Mama Pacha, yuko kwenye ukingo wa jambo zito.

---

Mama Pacha Katubuka

Nilimrudia yule mama. Nilimuuliza binti aliyetaka kunipa ana umri gani, akasema "mkubwa tu". Nikamuuliza mama yake binti yuko wapi, akakasirika. Nimemwambia mwenyekiti wa mtaa, na kesho nakwenda ustawi wa jamii, kwa sababu kama mimi nimekataa, kuna mwingine atakayepelekewa huyo huyo mtoto.

---

Mkunga wa Mwandiga

Shoga, sisi wenye zamu tuna njia zetu, ngoja nikupe. Hapa Mwandiga tuko mama wanne tunafanya kazi za zamu. Tulimtafuta mama mmoja mtu mzima wa hapahapa, mjane, watoto wake wameshakua. Anakuja asubuhi nyumbani kwa mmoja wetu, tunapeleka watoto pale, jioni anarudi kwake akalale. Tunachanga, anapata zaidi ya ambavyo angepata kwa mmoja. Likizo yake ya mwaka tunaifuata, siku 28, tunapanga nani achukue likizo yake lini ili watoto wasibaki peke yao. Akiumwa anasema anaumwa, hafichi.

Kwa pacha wanaonyonya ni vigumu kidogo lakini inawezekana. Unakamua, unaacha kwenye chupa safi. Wewe ni muuguzi unajua kuliko mimi.

Ukitaka wa peke yako, andika mkataba hata ukurasa mmoja: kazi zipi, saa ngapi, siku ya mapumziko ni ipi, mshahara kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku zisizidi. Mwandikishe NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Na mpe namba ya CHODAWU, kile chama cha wafanyakazi wa hotelini na majumbani, umpe wewe mwenyewe kwa mkono wako. Niliposema hivi kwa mama wenzangu walinishangaa, eti namfundisha kunishtaki. Ndiyo. Ajue pa kwenda. Mimi nitalala vizuri zaidi nikijua anayebaki na mwanangu amebaki kwa kupenda.

---

Kijana wa Bangwe

Mama wa Mwandiga, hiyo ya kuchanga inafaa hata huku kwetu. Naomba nikuulize kwa faragha mlivyogawana gharama.

---

Fundi Boti Kibirizi

Mimi nimebadilika kiasi, si yote. Bado naamini hawa ni ndugu zetu na huo mpaka ni wa jana. Lakini nakubali kwamba undugu bila haki unamwacha mmoja akiwa chini. Kama kuna mtu anaandaa waraka wa kwenda kwa wabunge wetu, kwamba kazi za ndani ziingizwe kwenye ule mlango wa Jumuiya aliousema Mzee, wapate kibali cha bei nafuu cha mtu wa mpakani, mimi nitapita boti kwa boti kukusanya sahihi Kibirizi yote. Wapo wanaume wengi hapa waliolelewa kama mimi.

---

Aliyelea Ujiji

Hilo nitalisaini hata kama sahihi yangu haihesabiwi.

---

Mama Pacha Katubuka

Wana Kigoma, narudi kuwapa taarifa kwa sababu wengi mmeniuliza pembeni.

Ustawi walinipokea vizuri, maelezo yangu wameyaandika, hatua zao nawaachia wenyewe na sitaandika zaidi hapa kwa ajili ya yule mtoto.

Dada nimempata. Ni mama wa miaka arobaini na ushee kutoka Uvinza, anaishi Buzebazeba na bintiye. Hakuwa na kitambulisho cha taifa, ana barua ya mtendaji wa kata na cheti cha kuzaliwa cha zamani, na tumeshakwenda pamoja kufuatilia uandikishaji wake. Usiku hatalala kwangu, atarudi kwake. Nilianzia 120,000, akasema pacha ni kazi ya watoto wawili, ameongeza na nimekubali. Mnajua nilifurahi alipobishana nami bei? Nilimtazama nikaona huyu akiona mwanangu ana homa ataniambia, hata nikiwa nimekasirika.

Mkataba tumeandika kurasa mbili, mwenyekiti ameshuhudia. Kipengele kimoja tumekwama: siku ambazo zamu yangu inaisha saa mbili usiku, nani anamrudisha Buzebazeba? Bajaji usiku ule si salama na bodaboda hataki. Mwenye uzoefu wa kulipia usafiri wa dada wa kutwa, mnaiweka ndani ya mshahara au pembeni? Mkunga wa Mwandiga, nakusubiri wewe hasa.